Kitanda cha Kamba cha Bi Mwanasiti

Joto la mwezi wa pili Malindi, wacha tu! Godoro linakuwa kama limetoka kwenye tanuri la mkate. Hafswa, mtoto wa miaka minne, alikuwa hapati usingizi wa mchana, ni kulia tu, na mamake, Kabibi, binti wa Kaloleni aliyeolewa mji wa kale, alikwishachoka roho. Basi mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Mwanasiti, alipokwenda Mambrui harusini, Kabibi aliingia stoo ya uani akakikuta kitanda cha kamba kimesimamishwa ukutani. Kitanda kizuri namna hii kinakaa bure? Akakitoa, akakiweka sebuleni, akakitandikia kanga. Upepo ukapita chini ya kamba, mtoto akalala fofofo hadi alasiri.

Hebu niambie, nani angemlaumu? Hakuna aliyemwambia kitu, naye hakuuliza.

"Mama, maji yalikuwa baridi," Hafswa alisema alipoamka.

"Maji gani?"

"Ya wale bibi wanaoniosha."

Kabibi akampapasa nguo. Kavu. Akacheka, ndoto za watoto hizo. Kesho yake mtoto akasema wamemwosha upande wa kulia. Siku iliyofuata, wa kushoto. Hapo kicheko kikamkauka Kabibi, lakini kila akimlaza kwenye godoro, mtoto huangua kilio akikitaka kitanda chake.

"Leo wanamalizia miguu," Hafswa alimwambia, "halafu wanivishe nguo nyeupe."

Ndipo Bi Mwanasiti aliporudi. Hata buibui hajavua, macho yakaangukia kitanda.

"Lahaula! Nani kakitoa hiki?"

"Mimi, Mama. Joto lilizidi."

"Kabibi, hapo ndipo tunapooshea maiti wetu. Mume wangu kaoshewa hapo. Mtaa mzima huja kukiazima."

Kabibi akaketi sakafuni. Akamweleza yote, maji na kulia na kushoto, huku analia, "Nimemuua mwanangu, Mama, nimemuua!" Bi Mwanasiti, ambaye chumvi ikizidi mchuzini husikika hadi msikitini, siku hiyo hakugomba. Hafswa alikuwa ameshapanda kitandani, macho mazito. Nyanyake akamnyanyua, akamtia mikononi mwa mamake.

"Mpeleke chumbani kwangu. Ufunge mlango."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nimeshaishi. Nenda."

Akapanda, akajinyoosha, akaelekea kibla.

Hafswa alilia, akapiga mateke, mwishowe akalala juu ya godoro jasho likimtoka. Alipoamka alitaka uji tu, maji hakuyataja. Kabibi akambusu uso mzima, kisha akakimbilia sebuleni.

Bi Mwanasiti alikuwa macho. Nguo zake kavu, nywele zinachuruzika. Kabibi akamshika mkono amwinue.

"Usiniinue, mwanangu," alisema, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha tangu aolewe. "Wameshafika miguuni."