Ubao wa Keram Uliogeuzwa Uso

Bi Barke alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, na kila neno lililosemwa barazani lilimfikia kama limesemewa sikioni mwake. Dirisha lilikuwa limefungwa na komeo limetiwa, lakini mbao zake zilikuwa za zamani, zimepishana, na baraza yenyewe ilikuwa pale pale chini yake. Mumewe, marehemu Mzee Shee, ndiye aliyeijenga ipate kukaliwa na watu, nao watu hawakuacha kuja hata baada ya yeye kuzikwa. Wiki za mwanzo walikuwa wakinong'ona kwa heshima ya msiba. Siku hizi walishasahau kunong'ona, na Jumapili ile ndiyo hasa walikuwa wamepandisha sauti.

"Mimi nawauliza," alisema Badi, fundi wa cherehani, ambaye ndiye mkubwa wa timu ya Kisauni ya keram, mchezo wa kupiga kete ubaoni kwa kidole. "Mchezaji mzima, bingwa wetu, akose kete iliyo mdomoni mwa tundu? Mdomoni! Mtoto mchanga angepiga chafya ingeingia."

"Ni moja tu hiyo, Badi." Huyo alikuwa Stambuli, muuza kahawa. Barke alimtambua kwa vikombe vyake, maana hakuweza kusema bila kuvigonganisha.

"Moja? Kwani jana ulikuwa ukitazama mchezo au ulikuwa ukitazama mkaa wako?"

Wakacheka. Barke hakucheka. Huyo waliyekuwa wakimchambua alikuwa mwanawe wa pekee, Ghalib, na kila walipomtaja vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

Mashindano ya kombe mwaka ule, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, yalikuwa yamefika mwisho, Kisauni na Changamwe. Mechi za awali zilikwisha kabla ya msiba; fainali ilichezwa kwa vikao viwili. Jumamosi Ghalib aliketi mbele ya Kitsao wa Changamwe, ukumbi umejaa hadi watu wamepanda madirishani, akaachwa mbali. Kikao cha pili kilikuwa leo, baada ya sala ya alasiri.

"Mimi nitasema, mkitaka mnune," alisema Charo, aliyekuwa kuli bandarini na hakukosa mchezo hata mmoja. "Nilisimama nyuma yake. Kidole chapiga, kete yaenda nusu ya njia, yalala. Chapiga tena, mara hii yapita kwa nguvu, yaruka ubao. Huyu si mtu aliyeshindwa. Mtu aliyeshindwa huonekana anajaribu."

"Wataka kusema nini?" aliuliza Stambuli.

"Nasema ameuza."

Barke aliuweka ungo chini.

"Chunga ulimi, Charo," Stambuli alisema, vikombe vikalia. "Umekalia baraza ya babake."

"Naijua ni ya nani. Mzee Shee angekuwa hai ningemwambia yeye mwenyewe."

Badi akaongea polepole, na upole ule ulimtia Barke baridi kuliko kelele zote. "Basi niambieni jambo moja. Zamani, ukipita njia hii baada ya magharibi, wasikia nini? Ta, ta, ta. Ghalib na babake. Hata mwenye kuumwa na kichwa alikuwa hapati usingizi. Haya, tangu mzee afariki, nani kati yenu amesikia keram ikilia nyumba hii?"

Stambuli akakohoa.

"Hata siku moja. Mtu ana fainali mbele yake na hagusi ubao. Kama hakuuza, ni nini? Leo nitampa Masha, yule wa akiba, nafasi ile. Masha atashindwa, najua, lakini atashindwa kwa haki. Na Ghalib nitamwambia mbele ya watu asikanyage tena ukumbini."

Barke alijiona kama mtu aliyemwagiwa maji. Mbele ya watu! Kisauni si London. Neno kama lile likishasemwa ukumbini, alfajiri litakuwa msikitini, adhuhuri sokoni, na kijana atalivaa mpaka azeeke. Nani atampa binti yake? Nani atamwita tena kwa jina lake bila kuongeza lile jingine?

Alitaka kulifungua dirisha. Mkono ukafika kwenye komeo, ukarudi. Alikuwa kizukani. Mwanamke aliye katika eda ya mumewe hatoki nje, hajipambi, hajitii manukato, wala hasemi na wanaume wasio maharimu zake ila kwa haja kubwa. Eda yake ilikuwa imebakiza siku chache, naye alikuwa ameishika bila kosa, kama alivyofundishwa na mamake.

Akageuka kuutazama ubao. Ulikuwa chumba cha ndani, umeegemezwa ukutani uso ndani mgongo nje, umefunikwa jamvi. Badi alisema kweli: yeye mwenyewe hakuusikia tangu siku ya mazishi. Alikuwa akidhani Ghalib ameugeuza kwa majonzi, kwa kuwa ndio ubao aliofundishiwa na babake, naye hakutaka kumtonesha. Kila jioni kijana alirudi kutoka kazini, akapitia sokoni kwa kuwa mamake hatoki, akaleta samaki na nazi, akala, akaketi naye wakatazamana na taa. Basi.

"Johari!" aliita.

"Abee, shangazi." Johari, binti wa nduguye aliyekuja kumsaidia siku za eda, alitoka jikoni na mkono una masizi.

"Niletee lile kopo la poda ya keram. Nataka kuona jambo."

Johari akasimama. "Halimo humu, shangazi."

"Limekwenda wapi?"

"Ghalib alinipa siku ile ya kwanza, nikaenda nikalificha kwetu sandukuni. Alisema lina harufu, na wewe uko kizukani." Johari akainama akichezea ncha ya leso. "Hukumbuki? Wewe ndiye uliyesema. Ulilia, ukasema, 'Sitaki harufu katika nyumba hii. Toeni asmini, toeni udi, toeni kila kitu.' Tukatoa. Ghalib naye akatoa poda yake. Akanikataza nisikwambie, ati utajiona umemzuia."

Barke alifunika mdomo. Keram bila poda haichezeki, hata mtoto anajua. Ubao hushika, kete hazitelezi. Na ile poda ya kopo kweli hunukia, ukiinyunyiza nyumba nzima hujua. Lakini ni nani aliyemwambia kuwa poda ya ubaoni ni manukato ya mjane? Alikuwa amezungumzia marashi ya mwilini mwake na maua ya kichwani mwake. Mtoto amejifunga mikono kwa neno la kilio. Na jana alikaa kule akisikia watu wakimzomea, na neno moja tu lingemwokoa, asilitamke, kwa kuwa kulitamka ni kumtia mamake mdomoni mwa watu.

Mara akasikia nje sauti ya mwanawe. "Asalaam alaikum."

"Alaikum salaam," wakajibu, kila mtu kivyake.

"Bingwa!" Charo alisema. "Changamwe hawajambo?"

Hatua za Ghalib zikapanda ngazi, mlango ukafunguliwa, akaingia na kikapu cha muhogo, uso umemshuka kama mwenye homa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka kikapu, ukaulete ubao."

Akamtazama, kisha akamtazama Johari, aliyekwisha kukimbilia jikoni.

"Mama, huna haja ya—"

"Nimekwambia uulete."

Barke hakusubiri jibu. Mbali na mchele aliokuwa akiuchambua, alikuwa ameroweka mwingine tangu asubuhi kwa ajili ya vibibi, na umekwisha kukaushwa juani. Akautia kinuni, akatwanga, na Johari akampokea mchi. Unga ulipolainika akauchekecha kwa chekecheke, ukatoka kama mchanga. Haukumridhisha. Akachukua kipande cha shashi, kile alichokuwa akichujia tui la sikukuu, akaufunga unga ndani yake, akautikisa juu ya sinia. Ukashuka mweupe, mwembamba, kama moshi. Akaunusa. Ulinukia mchele tu.

"Sasa niambie hii nayo ni marashi," alisema.

Ghalib alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao akiufuta vumbi. "Si harufu peke yake, mama. Ni mlio. Watu watasema nini? Kaburi la baba halijakauka, nyumba ya eda yapigwa keram."

"Watu?" Barke akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Wamekwisha kusema. Wajua wanayosema?"

"Najua."

"Ukanyamaza?"

Ghalib akanyunyiza unga kwa vidole viwili, akauzungusha kwa kiganja kama babake. Hakuinua macho. "Ningewaambia nini? Ningesema mamangu?"

Barke akaketi upande wa pili wa ubao, pale alipokuwa akiketi mzee. "Mlio ule ndio ulionikosesha usingizi, mwanangu. Si kwa kulia kwake. Kwa kutolia. Haya, piga."

Kete ya kwanza ilikwenda kombo. Ya pili ikagonga ukingo. Barke alikuwa ameshika mkeka kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limekwisha kupinda, na alasiri haikuwa mbali. Ya tatu ikaenda taratibu, ikateleza juu ya unga, ta, ikadumbukia.

Huko nje mtu akasema, "Sss! Nyamazeni!"

Ta. Ta.

"Hiyo imeingia," alisema Stambuli.

"Haikuingia," alisema Charo. "Imepiga ukingo. Ikiingia hulia mara mbili, kisha kimya."

Ta, ta.

"Haya, hiyo je?"

"Hiyo imeingia. Lakini iliyotangulia, la."

"Wewe wasikia kwa masikio au kwa tumbo?"

Wakabishana hivyo kete kwa kete, masikio ubaoni na ukuta katikati, na Ghalib kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu. Ila Badi hakutia neno. Barke alingoja aseme, asisikie kitu. Mwishowe Badi akainuka, viatu vikakwaruza sakafu.

"Mazoezi ya leo hayafuti ya jana," alisema. "Nakwenda kumwambia Masha ajitayarishe."

Barke akaenda dirishani. Akasimama pale, paji la uso karibu kugusa mbao, akijiuliza haja kubwa ni ipi kama si hii. Hakulifungua. Akakohoa mara moja, kama desturi, wajue kuna mwanamke nyuma.

"Shemeji Badi."

Barazani hawakuwa wameisikia sauti ile tangu mazishi.

"Naam, shemeji," Badi alijibu, na sauti yake ilikuwa imeteremka yote.

"Ubao huu nimeufunga mimi. Nilikataa harufu nyumbani, mwanangu akaitoa poda yake kwa ajili ya eda yangu. Hakugusa kete tangu siku mliyombeba babake mpaka jana. Mkitaka kumtukana mtu, mtu ni mimi, na nipo hapa."

Kikombe kikaanguka, na Stambuli akasema, "Astaghfirullahi," asijulikane kama ni kwa kikombe au kwa maneno.

"Shemeji," alisema Badi, "mwambie asichelewe. Tunaketi baada ya sala."

Waliondoka wote pamoja, Ghalib katikati, unga wa mchele kwenye kifuko cha shashi mfukoni mwake.

Barke akabaki. Alisali, akakaanga muhogo, akauacha ukaungua upande mmoja. Ukumbi ulikuwa mbali kiasi cha kutosikika, ila upepo ukigeuka zililetwa kelele, na kelele hazina jina; za furaha na za zomeo husikika sawa. "Johari, hiyo ni nini?" "Sijui, shangazi." Akakaa, akainuka, akavuta tasbihi akaisahau katikati. Kikiwa kikao kibaya kama cha jana, watasema mamake amemtungia uongo.

Giza lilikuwa likianza kuingia alipozisikia sauti njiani, wakigombana tangu mbali.

"Bahati! Bahati tupu!" Huyo alikuwa Badi, amekauka koo. "Kete ile ilikuwa tuitie sisi. Imesimama mdomoni, Kitsao akaigusa bila kukusudia, ikaingia! Huo ndio uchezaji?"

"Mwenzio kashinda kwa moja, Badi, kubali," alisema Stambuli.

"Kwa moja baada ya kuachwa mbali namna ile jana! Umeona wapi mtu akarudi kutoka shimoni vile? Charo, sema, umeona wapi?"

"Sijaona," alisema Charo. "Wallahi sijaona. Na anayesema kauza nitamvunja meno."

"Uliyesema ni wewe."

"Basi nitayavunja yangu."

Wakaketi barazani kama kwao. Barke aliegemea ukuta. Wameshindwa. Kombe limevuka kwenda Changamwe. Nao wamekaa pale chini ya dirisha lake wakimtetea mwanawe kwa makelele, na Stambuli akigawa kahawa ya bure.

Mlango ukafunguliwa. Ghalib akaingia, vidole vyeupe hadi kwenye viungo, shati limemganda mgongoni. Akavua viatu. Akamtazama mamake, akafungua mdomo kumweleza, akaacha, kwa kuwa nje walikuwa wakimweleza yote.

"Mama," alisema, "unga umebaki?"

"Umebaki," alisema Barke, akaondoka kwenda kuleta sinia.