Betri Zenye Plasta

...na siki isizidi, tone moja tu kwenye pamba, ukilowesha redio ya watu utaimaliza kabisa, alijiambia, amekaa chini chumbani mchana kweupe, mkono wa kulia ameuvika mfuko wa nailoni maana ule unga uliovuja kwenye betri unababua ngozi, redio ya mama mkwe wake ameilaza kifudifudi mapajani, mgongo wazi, springi zimeshika ukungu wa kijani... na mtoto yule pale godoroni, miezi minne, ngumi amezifumba, anapumua, mtazame anavyopumua, ahsante Mungu, tangu jana ameshukuru mpaka ulimi umechoka na bado anaona hajashukuru... "Saa ngapi sasa, mwanangu?" mama mkwe akauliza kutoka kibarazani, "Saa nane na kitu, mama," akajibu, swali la tano hilo tangu asubuhi, masikini, mama haoni huu mwaka wa sita, saa yake ni redio, habari za asubuhi ni dawa, za mchana ni kuoga, za jioni ni kumngoja mwanawe, na redio ikinyamaza siku nzima inakuwa kitu kimoja kirefu kisicho na kichwa wala miguu... sugua taratibu, kona ile, hapo... jana umeme ulirudi ghafla naye mkamwana akakurupuka, nguo kwenye beseni, chungu motoni, mama anataka redio yake ichajiwe, akatia mkono kwenye kopo la betri akachukua tatu za kwanza, akazipachika, akachomeka waya, redio akaibwaga godoroni ubavuni mwa mtoto kwa kuwa soketi iko hapo, huyo akaenda kuanika... na zilikuwa betri za kawaida, zile za kutumia na kutupa, nani kakwambia hizo zinachajiwa, kwenye mfuniko imeandikwa msichaji betri za kawaida, tena kwa herufi kubwa, na yeye kusoma anajua, shule kaenda, lakini aliyeiokoa nyumba ni asiyeona... mama alisikia kitu kinafoka, akasikia harufu kali, akaupapasa ukuta mpaka kwenye soketi, akachomoa waya, akamkwapua mjukuu wake, akatoka naye kibarazani, hapo ndipo akaita, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Redio yangu inanuka, mtu asiiguse mpaka ipoe"... dakika ngapi zilibaki, usifikirie, godoro la sponji, shuka, ngumi zile ndogo, usifikirie, mtoto yupo, anapumua...

"Mama, nilikwambia hii mitambo uiache," mume wake alisema jana jioni aliporudi kutoka kazini akaona betri moja imevimba na nyingine imetapika, na mama akajibu polepole, "Nimezeeka, baba, vidole vimenisahau," na yeye mke alikuwa amesimama hapo hapo, beseni tupu kiunoni, ukweli uko kwenye ncha ya ulimi, akaumeza, Mungu amsamehe, akaumeza kama kidonge... na hukumu ikatoka, kuanzia sasa redio itakaa juu ya kabati, mume mwenyewe ataishusha, mwenyewe atawasha, mwenyewe atazima, mama asiguse waya, mtu mzima aliyezaa watano na kuwalea peke yake sasa aombe kuwashiwa redio yake, na mama akasema sawa, neno moja, sawa... haya, springi zimeng'aa, ziache zikauke, vua mfuko, lete zile tatu za kuchaji, zote za rika moja, usichanganye kuukuu na mpya, mama ndiye aliyemfundisha hilo, betri iliyochoka huinyonya nzima, mwishowe zote mbili hufa... na kidole kikagusa plasta, ile ya vidonda, imeizunguka betri kama mkanda, na ya pili hivyo, na ya tatu, anaiona plasta hiyo miezi yote akidhani ni ya kuzikaza zisicheze... "Umejikata wapi, mama?" alimuuliza siku ile alipoomba plasta, "Sijajikata, nazivisha shanga nizijue, wanangu," na wote wakacheka, akaenda zake jikoni... nizijue... akafumba macho, akatia mkono kwenye kopo zilimobaki betri mbili za kawaida, akachanganya zote tano, plasta, tupu, plasta, plasta, tupu, aa, hata mtoto wa chekechea hakosei hapa, basi mama hakukosea, mama hajawahi kukosea, jana redio ilipopoa alizigusa akazikuta tupu, hazina plasta, zote tatu, akajua ni mkono wa nani kabla mwanawe hajavuka kizingiti, na aliposema vidole vimenisahau uso alikuwa ameuelekeza upande wa kamba ya nguo, kwake, kwake yeye aliyesimama na beseni... wakati anaolewa mashoga walimtisha, mama mkwe huyo utamkoma, akaingia nyumba hii amejikaza, na tazama, mwanamke huyu kwa mkono mmoja kamwokolea mwana, kwa mwingine kamfunika aibu, wala hakuja pembeni kumnong'oneza nimekusitiri... utamlipa nini mtu wa hivyo, moyo umejaa mpaka unauma, ahsante mama, ahsante, lakini ahsante gani hii ya kimoyomoyo wakati mwenye wema anapokonywa redio yake... na mume atasema nini, atasema ulitaka kumuua mtoto wangu, hilo ndilo analoliogopa tangu jana, kwamba atalisema, na kwamba ni kweli, na kila atakapotoka kwenda kazini atamtazama mtoto halafu atamtazama yeye... uani anasikika akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli, leo hana zamu, anapiga mluzi, hana habari... basi amtazame, atamtazama na siku moja atachoka, mama hawezi kuzibeba siku zote zilizobaki bila saa...

"Mume wangu," akaita, sauti ikatoka nyembamba, "njoo mara moja, kuna neno la jana." Mluzi ukakatika. Kibarazani mama akakohoa, akawahi, "Mwache mwenzio amalize baiskeli yake, ya jana yalikwisha jana."

Betri zilikuwa bado kiganjani, mtoto bado amelala. "Hayajaisha, mama," akasema, akamwita mume wake tena.