Ya Kufumua na ya Kusuka

Saluni ile ilikuwa na viti vitatu, na kiti cha dirishani kilikuwa cha Mtungi. Jina hilo alipewa na fundi wa kucha, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo, siku alipoona wateja wakiketi pale mmoja baada ya mwingine, wakilia, wakipangusa macho na kuondoka wakitabasamu. "Huyu si msusi," alisema, "huyu ni mtungi. Watu wanakuja kumimina tu." Jina likashika kama gundi.

Mtungi mwenyewe alikuwa msichana mpole wa maneno machache. Ukimuuliza jambo, alijibu kwanza kwa macho, kisha kwa kichwa, na ulimi ulifika mwisho kabisa, kama mgeni aliyepotea njia. Lakini kusikiliza alijua. Na kusuka rasta kichwa kizima si kazi ya dakika mbili. Mteja anaketi nusu siku, hamwoni usoni anayemsuka, vidole vinapita kichwani taratibu, na binadamu akishikwa kichwa hufunguka. Wakamweleza habari za waume na wakwe, mabosi wasiopendeka, watoto wasioshika masomo. Naye alisema, "Pole, dada," "Pole sana, mama," na pole zake zilikuwa za kweli. Hapo ndipo ilipokuwa kasoro. Jioni wateja waliondoka na nywele zao, naye akaondoka na habari zao. Alikula nazo, akalala nazo, akaamka nazo.

"Mbona huli?" mama yake alimuuliza siku moja mezani.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na wali uko vilevile?"

Mtungi akauzungusha mchuzi kwa kijiko. "Kuna mteja wangu mmoja, karani wa posta. Mumewe hasemi naye. Akirudi kazini anaonja chakula, anageukia ukuta. Usiku analala kwenye kiti, sebuleni. Dada wa watu anasema huenda ndoa ndiyo inaisha hivyo."

"Na huyo mume, ulimposa wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi kula. Hata wakiachana leo, hakuna atakayekuja kugawa vyombo hapa."

Mtungi alitabasamu kwa heshima ya mama yake, lakini wali ulibaki palepale.

Kama mambo yangeishia mezani, pengine hakuna ambaye angejali. Ila huzuni za watu zilimshuka hadi vidoleni. Kila mteja alipofika pale pachungu pa habari yake, mkono wa Mtungi ulikaza bila yeye kujua. Habari ikizidi uchungu, naye alizidi kuvuta. Muuza vitambaa wa mtaa wa pili alisimulia ugomvi wake na ndugu zake kuanzia utosini hadi kisogoni, na kesho yake akarudi ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Siku chache baadaye akaja mwalimu wa chekechea, nyusi zimevutwa juu kabisa.

"Watoto wamenisumbua tangu asubuhi," alilalamika. "Kila mmoja ananiuliza, Mwalimu, mbona umeshangaa? Nawaambia sijashangaa. Wanasema, Umeshangaa, tunakuona."

Fundi wa kucha alicheka mpaka akampaka mteja wake rangi kwenye kifundo cha kidole. Shangazi hakucheka. Shangazi yake Mtungi ndiye aliyekuwa mwenye saluni, na kwenye kazi hakujua kucheka na mtu. Alimwita mpwa wake nyuma ya pazia, pale wanapoanika taulo.

"Mwanangu, mkono wako ulikuwa pamba. Siku hizi umekuwa koleo. Una nini?"

"Sijui, shangazi."

"Mimi nami sijui. Ninachojua ni kwamba wawili wamerudi. Akirudi wa tatu, kiti cha dirishani nampa mwingine, na wewe unarudi kwenye sinki kuosha vichwa. Usinikasirikie. Saluni haiendeshwi kwa undugu."

Mtungi alikijua kile kisinki. Alikiinamia muda mrefu, mgongo ukiuma na vidole vimenyauka kwa maji, akikitamani kiti cha dirishani kama mtoto anavyotamani baiskeli ya jirani. Kusuka ndicho kitu pekee alichojua kukifanya bila kuona haya. Akaapa moyoni kwamba hatavuta tena. Akajaribu kuimba kimoyomoyo, akajaribu kufikiria mambo ya mbali wakati mteja akisema. Wapi. Mteja akianza tu, "We acha, mdogo wangu," moyo wake ulikuwa umeshaketi kitako kusikiliza.

Ikawa hivyo mpaka alasiri moja alipoingia mwanamume mnene, mwenye uso wa bashasha, akasimama mlangoni kama wanavyosimama wanaume wote kwenye saluni za kina mama, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Habari za kazi. Mimi ni mume wa yule karani wa posta. Nilitaka kujua anatumia mafuta gani ya nywele. Yamemwishia, nataka nikamnunulie bila yeye kujua."

Mtungi alikuwa ameshika kitana. Alimtazama yule mtu, akayaona mashavu yake yaliyonawiri, akakumbuka usiku wote aliokuwa amekesha kwa ajili yake. Na yeye ambaye hata kumwomba mteja ainue kichwa alinong'ona, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Mafuta ya nini, shemeji, na salamu tu humpi? Mtu unageukia ukuta, unalala kwenye kiti kama mgeni, mkeo analia hapa mpaka tunamletea taulo. Leo ndiyo unakumbuka mafuta?"

Ile mashine ya kukaushia nywele ikaendelea kuunguruma peke yake. Shangazi alifunga macho. Jambo moja msusi hasamehewi, hata mkono wake uwe laini namna gani, ni kutoa nje yaliyosemwa kitini.

Yule bwana alibaki kinywa wazi. Kisha uso ukaanza kumbadilika, si kwa hasira, bali kwa aibu ya mtu aliyekutwa na jambo la kitoto.

"Alisema hivyo? Aa, dada yangu. Lile lilikuwa jino."

"Jino?"

"Gego, huku nyuma. Nikifungua mdomo nakufa. Nikilala chali nakufa mara mbili, ndiyo maana nikawa naketi kwenye kiti. Nami koleo la daktari naliogopa tangu utotoni, sasa mtu mzima utaanzaje kumwambia mkeo? Nikakaa kimya. Siku ile aliyotoka hapa amesukwa, alinibana mpaka nikasema. Akanishika mkono kama mtoto wa shule, akanipeleka, likang'olewa." Akavuta shavu kwa kidole kuonyesha pengo. "Mbona mambo yenyewe ya zamani hayo."

Fundi wa kucha ndiye aliyetangulia kusema. "Kwa hiyo mwenzetu hapa amekonda kwa jino la mume wa mtu."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwa muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara. Hata yule bwana alicheka, akatajiwa mafuta, akaenda zake. Mtungi peke yake ndiye aliyetaka ardhi impokee. Shangazi alimwambia neno moja tu: "Jumamosi huyo karani anakuja kubadilisha nywele. Tutasikia atasema nini."

Nyumbani alimweleza mama yake yote, akitazama chini. Alipofika kwenye jino, mama alijitahidi kujizuia, mabega yakamsaliti. Na Mtungi, ambaye alikuwa amejiandaa kulia, alijikuta anacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatulia ghafla.

"Mama, na wale wengine?"

"Wepi?"

"Muuza vitambaa na ndugu zake. Yule wa bosi mkorofi. Yule wa mtoto aliyetoroka shule. Huenda yao nayo yalishang'olewa siku nyingi, nami bado nayauguza."

"Huenda," mama alisema. "Na mengine huenda hayajaisha. Lakini kuna hata moja lililoisha kwa sababu wewe hukula?"

Mtungi alichukua sahani akala, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaongeza.

Jumamosi karani alifika amekunja uso. Alipita bila kusalimia, akaketi kiti cha dirishani, akamtazama Mtungi kupitia kioo.

"Nina mawili ya kusema. La kwanza, ulinisuka kichwa kikauma siku tatu. La pili, umenisema kwa mume wangu."

Shangazi, aliyekuwa akikunja taulo, alisimama palepale. Huyo alikuwa wa tatu.

"Nisamehe, dada," Mtungi alisema. Shingo ilimwaka moto, lakini aliendelea. "Ulivyoniambia yale, niliondoka nayo. Nilikuwa silali. Nilipomwona, yakanitoka."

"Ulikuwa hulali?" Karani aligeuka kumtazama uso kwa uso. "Wewe? Mimi siku ile nilivyotoka hapa nilijiona mwepesi kama karatasi. Mwenzangu, nilikuwa natua mzigo, nipumzike kidogo. Nilitua, nikaenda zangu. Nani alikwambia uuinue?"

"Hakuna."

"Basi." Uso wake ulianza kukunjuka kidogo kidogo. "Na lile jino, ungeliona lilivyokuwa, hata usingelikesha. Dogo, limeoza. Haya, nifumue. Lakini nikiumwa tena, naenda kwa mwingine, na nitawaambia posta nzima."

Mtungi alishika kichanuo akaanza kufumua, huku karani naye akijisaidia zile za mbele, kama ilivyo kawaida. Hazikupita rasta nyingi karani akaanza. Safari hii alikuwa mama mkwe, aliyekuja kutembea akahamisha sufuria zote jikoni. Yalianza kama mzaha, yakaendelea yakawa makali, na mwisho sauti ikamlegea karani. Mtungi alisikiliza, akasema pole yake ya kweli. Ndipo akaona jambo ambalo hajawahi kuliona. Moyo ulimuuma vilevile, lakini vidole havikuwa na cha kuvuta. Kazi yenyewe ilikuwa kulegeza. Na mwenye habari naye mikono yake ilikuwa kazini. Kila alipofika pachungu, alifumua kwa kasi zaidi.

Wakamaliza, nywele zikaoshwa na kukaushwa, wakarudi kitini kusuka. Mtungi akagawa mstari wa kwanza, akashika kinywele, na karani akaendelea palepale alipoachia: "Sasa hujasikia alichosema mbele ya wageni."

Vidole vikaanza kukaza. Safari hii Mtungi alivihisi. Akaachia. Akaweka kitana mezani.

"Dada, samahani. Hayo mazito tuyamalizie ukija kufumua. Nikisuka nayasikia mkononi, ndiyo yanayokuumiza kichwa."

Fundi wa kucha alisimamisha brashi hewani. Karani alimtazama kupitia kioo.

"Yaani nisubiri mpaka hizi nywele zichakae, ndiyo nimseme mama mkwe?"

"Ndiyo, dada."

"Na kama nitakuwa nimesahau?"

Mtungi alifikiri kidogo. "Hapo itakuwa heri kwetu sote."

Karani alianza kwa kuguna, guno likageuka kicheko, na alipocheka yeye wengine wakafuata. "Haya. Na wakati wa kusuka tuongee nini? Mimi siwezi kunyamaza, naumwa tumbo."

"Tueleze siku ya jino."

Lo, hapo alimfungulia bomba. Karani alieleza mumewe alivyomshika muuguzi mkono akakataa kuuachia, na muuguzi alivyoanza kulia yeye. Alieleza bwana huyo alivyodai kupewa jino lake aondoke nalo, na njia nzima akawaonyesha wapita njia. Vidole vya Mtungi vilipita kama maji. Habari ya jino ikaisha, ikaja ya paka wa posta, na katikati ya paka sauti ya karani ikapungua, ikafifia, kichwa kikaegemea upande. Amelala. Mtungi aliendelea kusuka akikishikilia kile kichwa kwa kiganja.

Shangazi akaja polepole. Akainua rasta moja kwa ncha ya kidole, akatazama ngozi ya kichwa, akainua nyingine. Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi na mfuko wake wa rasta za kusukia mapajani.

"Sogea hapa karibu, mama. Huyu anayesuka dirishani anakaribia kumaliza, atakuchukua wewe."

Karani aliamka, akajitazama kiooni, akapandisha nyusi na kuzishusha kuhakikisha zinashuka, akaenda zake. Yule mama akaketi mahali pake. Alikuwa mtu mzima, mzito, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Hata kitambaa hajakivua, akashusha pumzi ndefu.

"We acha tu, mwanangu."

Mtungi akamfungua kitambaa, akatazama. Nywele zilikuwa za zamani, zimeshikana, zenye kazi nyingi ya kuzilegeza kabla ya jingine lolote. Akavuta kigoda kidogo akaketi vizuri, akampa yule mama kichanuo kimoja, akachukua kingine.

"Tunaanza kwa kufumua, mama," alisema. "Anza na hizo za mbele, mimi niko huku nyuma. Haya, sema, nakusikiliza."