Badiliko Dogo la Jumanne

Ujumbe wa Mzee Chanzo ulikuwa mfupi. "Dada, miezi minane iliyopita ulimwondoa fundi kwenye makala ya kiti, ukaondoa na jarida lililomtaja. Kwa nini?"

Mzee Chanzo sijawahi kumwona kwa macho. Ni mhariri mwenzangu katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na yeyote na kusomwa na wote. Jina hilo tulimpa wenzake, kwa sababu hata ukiandika kwamba mchana kuna jua atakuuliza umesoma wapi.

Nilidhani amechanganya makala. Nikafungua historia ya ukurasa, ambako kila badiliko hubaki na tarehe, saa na jina la aliyelifanya. Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Jina lilikuwa langu. Maelezo: "Usafi wa maneno." Kisanduku cha "badiliko dogo" kilitiwa alama, ya kuwaambia wengine kwamba hakuna la maana lililoguswa.

Kabla ya Jumanne hiyo, makala ilisema kwamba kiti cha magurudumu matatu, kinachokwenda kwa kuvuta na kusukuma vishikio viwili, kilibuniwa na fundi wa kuchomelea vyuma, kisha kikachorwa na kuboreshwa na mhandisi. Baada yake ilisema kilibuniwa na mhandisi, basi. Mhandisi huyo ni kaka yangu, tumbo moja.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali. Kwetu kila kipimo kina saini, na anayetia saini ndiye aliyepima. Nilikwenda kwenye daftari la Jumanne ile nikakuta vipimo kumi na saba vya damu kati ya saa nne na saa tano, vyote kwa saini yangu. Sina mikono minne.

Kompyuta pekee isiyo yangu niliyowahi kuitumia kuingia kwenye akaunti yangu ni ya kaka. Jumapili iliyotangulia nilikula kwake. Wifi aliniomba nimwonyeshe namna ya kuweka picha kwenye makala ya shule anayofundisha. Nikaingia, nikamwonyesha, tukaitwa mezani. Sikutoka kwenye akaunti. Kosa hilo ni langu na silitafutii mwenzi.

Mezani kaka aliuliza kama kweli mtu yeyote anaweza kuandika uongo mle ndani.

"Anaweza," nilisema, "lakini hudumu saa moja. Mabadiliko ya wageni hukaguliwa."

"Na ya kwako, Profesa?" Profesa ni jina lake la kunitania tangu darasa la nne.

"Mimi nina miaka tisa mle. Sikaguliwi."

"Lo! Wifi yako umemsikia? Hakaguliwi! Mletee maji, koo lisimkauke kwa maringo."

Tulicheka wote watatu. Siku mbili baadaye alilitumia jibu langu.

Kuhusu kiti, niliyoyaona ni haya. Mama alipopooza, viti vya hospitali vilikwama kwenye mawe ya njia yetu. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Cheche, alichukua magurudumu ya baiskeli na mabomba ya kitanda kilichovunjika. Kiti cha kwanza kilipinduka naye mwenyewe akiwa ndani, akatoka na gego moja pungufu. Cha pili kilipinda. Cha tatu kilimpeleka mama sokoni na kumrudisha kwa miaka sita, mpaka alipofariki. Kaka alikuwa ng'ambo akisoma. Alipokuja likizo alikipima, akakipiga picha, akakichora. Michoro yake ni mizuri. Ilishusha kikalio na kupunguza kilo nne. Nayasema hayo kwa kuwa ni kweli.

Tena kuna jingine la kweli. Niliiandika makala ile bila kutangaza kwamba mhandisi ni ndugu yangu. Kanuni inataka mtu atangaze. Mimi nilijiambia kwamba kanuni imewekewa waongo, na mimi sikuwa nimeandika uongo.

Kesho yake nilimfuata kaka ofisini. Ukutani palikuwa na picha mpya kubwa: yeye ndani ya kiti, mikono kwenye vishikio, akitabasamu. Nilimwekea simu mezani, historia ya ukurasa ikiwa wazi.

Hakukana. Hilo nililitegemea, kaka huwa hakani, hueleza.

"Mdogo wangu, kaa kwanza. Kamati ya tuzo inasoma vitu hivi. Ningewaandikiaje kwamba kazi yangu ya miaka kumi ilianzishwa na mtu anayechomelea mageti?"

"Ungeandika hivyohivyo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Cheche hajui hata kuchora duara."

"Lakini alitengeneza kiti."

"Halafu hata gazeti limeandika kwamba ni mimi."

"Gazeti limenakili makala, kaka. Neno kwa neno."

"Basi makala imepata chanzo," akasema, akacheka kidogo, kama mtu aliyemshinda mwenzake kwenye bao. Mimi sikucheka. Akashusha sauti. "Sikiliza. Tuzo ni mwezi ujao. Ikipita, rudisha maneno yako ya zamani, sema ulikosea. Nani atajua?"

"Kwa nini ulitumia jina langu? Ungefungua akaunti yako."

"Yangu ingekaguliwa," alijibu, kwa utulivu uleule wa mtu anayetaja kipimo cha bomba.

Nilitoka nikiwa na hasira, lakini pendekezo lake nililibeba. Sina budi kukiri. Nilipiga hesabu. Nikisema nilikosea, jina la Cheche linarudi, kaka anabaki kaka, akaunti yangu inabaki. Jarida la chuo cha ufundi lililomtaja lilikuwa bado maktabani; nilikwenda nikapiga picha ukurasa wa kumi na mbili. Nikisema kweli, kwamba mtu mwingine alitumia akaunti yangu, adhabu ilikuwa inajulikana: akaunti iliyoshikwa na watu wawili hufungwa, haifunguliwi tena. Makala elfu moja na mia mbili nilizoanzisha zingebaki, ila mimi ningekuwa nje. Na mtu akishafungiwa, yote aliyoyaandika huanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Niliona heri nimwambie Cheche kwanza, kisha niandike kwamba nilikosea.

Alikuwa karakanani akipiga msasa mguu wa meza. Mwaka huo nilikuwa nimeona hanisalimii kama zamani. Nilidhani ni masikio, umri. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kituo cha watu wenye ulemavu waliponirudishia viti vyangu viwili. Waliniambia wao wananunua asilia, hawanunui vya kuiga." Alitupa msasa chini. "Mimi, daktari! Mimi naiga kiti changu! Wakanionyesha karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Mkwe wangu akatafuta ni nani aliyeandika vile. Akakuta wewe."

Mimi si daktari, nimemwambia mara mia. Safari hii sikumsahihisha.

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Jina lako liko pale. Kaka yako sikumshangaa. Yule hata akipiga chafya anataka watu wapige makofi. Wewe ndiye niliyekushangaa. Nilimbeba mama yako kwa mikono hii. Nikajiambia, kumbe kikulacho kweli ki nguoni."

"Haikuwa mimi, Cheche. Ni yeye, kwa akaunti yangu."

"Sawa. Nimesikia."

"Leo hii narudisha jina lako. Nitaandika kwamba nilikosea."

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaoniletea jibu bila kipimo.

"Ukisema ulikosea, kituo watasema dada amemhurumia jirani. Kesho kaka yako atasema hapana, dada amechanganyikiwa, na gazeti lipo upande wake. Watu husema lisemwalo lipo, sasa limesemwa na kompyuta na gazeti! Mimi sitaki kuhurumiwa. Kaandike nani alifuta na kwa nini. Usiniambie mimi hapa kwenye vumbi. Kaandike palepale."

"Nikiandika hivyo nitafungiwa."

"Mimi nimefungiwa miezi minane," akasema, akainama kuokota msasa wake.

Hoja yake haikuwa na tundu. Nilitafuta njia nzima.

Jioni hiyo, kwenye ukurasa wa wasimamizi, niliandika sentensi tano. Kwamba mhandisi ni kaka yangu na sikuwahi kutangaza. Kwamba niliacha akaunti wazi nyumbani kwake. Kwamba badiliko la Jumanne alilifanya yeye, na amekiri kwangu. Kwamba gazeti lililotajwa kama chanzo lilinakili badiliko hilo. Kwamba jarida la chuo linamtaja fundi kwa jina lake kamili, na picha ya ukurasa nimeiambatisha. Sikuweka sentensi ya kujitetea.

Mzee Chanzo alijibu kabla sijafunga kompyuta. "Picha nimeikagua, inatosha. Makala nitarudisha mimi, maana wewe huruhusiwi kuigusa. Pole, dada. Kanuni unaijua." Siku mbili baadaye akaunti ilifungwa. Neno langu la siri lilikataliwa kwa maandishi mekundu, chini yake sababu: kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kuficha maslahi. Yote mawili yalikuwa sahihi.

Kaka alipiga simu siku ambayo kamati ilimwandikia kutaka maelezo.

"Umeniuza," alisema. "Kwa fundi mageti!"

"Nilikuwa na jina moja tu, kaka. Ulilitumia wewe."

"Damu, Profesa! Sisi ni damu!"

"Ulilijua hilo Jumanne?"

Alikata. Wifi aliniandikia baadaye kwamba kwa sasa ni vizuri nisiende kwao. Sikuuliza sasa hiyo ni ya muda gani.

Jumamosi nilimpelekea Cheche ukurasa mpya, umechapwa. Aliifuta meza, akauweka juu yake, akausoma akifuata mistari kwa kidole, mpaka akafika kwenye jina lake. Akalisoma kwa sauti. Kisha akanivutia kiti.

"Kwa hiyo kituo wakifungua leo watakuta hivi?"

"Watakuta hivi."

"Na kesho?"

"Kesho sijui. Mtu yeyote anaweza kubadilisha. Akikaguliwa, itarudishwa."

"Na asipokaguliwa?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe.

"Zamani ulikuwa unaangalia wewe," akasema.

"Zamani, ndiyo."

Alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akamwita mkwe wake kwa simu. Nilikaa pale nikimsikiliza akijifunza wapi pa kubonyeza ili aone historia ya ukurasa, na akirudia maelekezo kwa sauti, moja baada ya jingine, ili ajue kuangalia mwenyewe kila asubuhi.