Chumvi katika Uji wa Coleta

Mjukuu wangu Coleta alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa alipougua ini. Daktari Minza, binti wa wafugaji waliohamia Rukwa kutoka Usukuma, alitueleza kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa imeligeukia ini na kulishambulia kana kwamba ni adui. Akampa vidonge vya kuituliza kinga hiyo, kisha akatoa sharti: chumvi iwe kidogo sana, kwa maana ini lililodhoofika huacha maji yajae tumboni. Mke wangu Josefina alilishika sharti hilo, na kwa miezi minane Coleta aliendelea vizuri.

Baridi ya Juni ilipoingia, Coleta alianza kuvaa masweta mawili hata jua likiwaka. Alilala kupita kiasi, sauti ikakwaruza, uso ukavimba. Nilimkemea kwa uvivu. Kisha asubuhi moja, alipokuwa akinywa maji, nikauona uvimbe kooni mwake, nami nikasema bila kusita kwamba ni goita.

Nilikuwa na sababu. Nilipoanza kufundisha huku Ufipa, kila darasa lilikuwa na watoto wenye shingo zilizovimba kwa kukosa madini joto. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikiwahimiza wazazi wanunue chumvi iliyotiwa madini hayo, na shingo zile zikapungua mwaka hata mwaka. Katika utumishi wangu wote sikujivunia kazi nyingine kama hiyo.

Basi nikaagiza kijiko cha chai cha chumvi, cha kujaa, katika uji wa ulezi, asubuhi na jioni. Nilisimama mbele yake mpaka bakuli likaisha.

“Babu,” alisema siku ya kwanza, “hata migebuka, wale samaki wa Kirando, haikaushwi kwa chumvi nyingi hivi. Unataka kuniuza mnadani?”

“Kunywa.”

“Baba Modesti,” Josefina alisema, “daktari alikataza.”

“Daktari huyo alikuwa hajazaliwa nilipoanza kutibu shingo za watu hapa.”

Josefina akaukoroga uji. Ndiyo desturi ya nyumba yangu: nikisema, nimesema.

Wiki ya tatu miguu ya Coleta ilijaa maji, tumbo likawa kama la mjamzito. Siku ya ishirini na tatu aliniita Modesti, jina la marehemu baba yake, akafumba macho, asiamke tena kwa kuitwa. Tulimpakia katika bajaji kutoka mtaani kwetu Kizwite hadi hospitali, kichwa chake mapajani pa Josefina. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Daktari Minza alimpima mapigo ya moyo mara mbili, kana kwamba haamini. Yalikuwa ya polepole mno. Akaishika shingo yake kwa vidole, akamgeukia Josefina.

“Shikamoo, mama. Amekuwa akimeza dawa zake?”

“Kila siku, mwanangu.”

“Mama, usimfichie. Wasichana wa umri huu huzitupa dawa kwa sababu zinawanenepesha uso. Maji haya hayakujaa bure.”

Josefina aliinamisha kichwa. Angeweza kunitaja, lakini hakunitaja. Nikaona kwamba mtoto asiyeweza kujitetea alikuwa akihukumiwa kwa kosa langu, na kwamba tiba yake ingejengwa juu ya uongo. Nikasimama.

“Hakutupa dawa. Mimi nilimlisha chumvi.”

“Kiasi gani, mzee?”

“Vijiko viwili vya chai kwa siku. Vya kujaa. Siku ishirini na tatu.”

“Kwa nini?”

“Niliona shingo. Nilidhani ni upungufu wa madini joto.”

Aliandika kwanza, kisha akaniambia bila ukali, na afadhali angenikaripia. Kinga ileile iliyoshambulia ini, alisema, mara nyingi huishambulia na tezi ya shingo. Magonjwa hayo mawili hupenda kuandamana katika mtu mmoja. Tezi ya Coleta ilikuwa ikiharibiwa, haikukosa madini, na madini ya ziada huenda yaliidhuru zaidi. Usingizi, baridi, sauti, vyote vilitoka humo.

“Damu itapelekwa Mbeya kuthibitisha,” alisema. “Lakini siwezi kusubiri majibu. Naanza dawa ya tezi sasa hivi, na ya kupunguza maji.”

“Atapona?”

“Siwezi kukuahidi, Mwalimu. Ungemleta wiki tatu zilizopita, ningekuahidi.”

Alitoka kwenda kutafuta dawa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mbele ya wagonjwa na wauguzi, nikamwomba mjukuu wangu radhi. Nilikuwa sijapata kumwomba radhi mtoto yeyote, si nyumbani, si darasani. Coleta hakutikisika.

“Masikio yake yamekuwa mazito siku hizi,” alisema Josefina, bila kunitazama. “Sema kwa sauti.”

Nikasema tena, kwa sauti.