Analichukua Bonde

Ukikaa Buruburu miaka mingi unaweza kusahau kwamba Nairobi ina mwisho. Waringa hakusahau. Miguu ilipomwasha alifunga mlango, akapita Njiru, akaendelea mpaka pale lami inapochoka na udongo mweusi unapoanza kushika viatu. Watu wa ploti yao walimwuliza anafuata nini huko. Akawajibu kwamba hafuati kitu, anatembea. Wakacheka wakamwacha.

Siku hiyo hakuwa peke yake. Alikuwa amemtoa Sabrin, rafiki yake wa Eastleigh; watoto wao walisoma darasa moja, na ndivyo mama zao walivyojuana. Sabrin alikuwa mchoraji. Picha zake zilining'inia kwenye hoteli za mtaani kwao na kwenye vyumba vya kungojea daktari. Zilikuwa za milima, mito, na miti iliyoinama juu ya maji. Wateja wake hawakuuliza ni wapi. Walitaka kijani kiwe kingi na mtu asiwemo. Miaka yote alinakili kutoka kalenda za ukutani, mpaka siku moja akamwambia Waringa, "Nimechoka kuchora mto ambao sijawahi kusikia sauti yake." Basi wakapanga safari.

"Mama Hirad, punguza mwendo," Waringa akamwambia Sabrin. "Bonde haliendi mahali."

"Bonde haliendi, lakini kivuli kinaenda," Sabrin akajibu, huku amekunja buibui lake mkononi asilikanyage.

Walipofika juu ya kilima kimoja walisimama. Chini yao mto ulijikunja kati ya migunga. Kando ya maji kulikuwa na mahindi na sukumawiki, na nyuma ya yote, mbali sana, mlima wa Kilimambogo ulikaa kama leso ya bluu iliyofuliwa mpaka ikapauka. Katikati ya bonde kulikuwa na nyumba za mabati, nyingine mpya, zinang'aa hapa na pale. Sabrin alizitazama kidogo akakunja pua, kama mpishi anayeona mchanga kwenye mchele.

Akafungua stendi yake ya miguu mitatu, akaweka ubao juu yake. Upepo ukataka kuipeperusha, naye akapigilia vigingi chini, akaifunga kwa kamba. Kisha akanyoosha mkono wenye penseli, akafumba jicho moja, akaanza kupima: mlima ni mrefu kiasi gani ukilinganisha na mti, mto unapinda wapi. Ndivyo alivyopima hata kalenda zake.

"Huu mlima nimeshauchukua," akasema baada ya muda. "Sasa nachukua mto."

Kati yao hilo lilikuwa neno la kawaida. Kuchora mahali ni kupachukua. Waringa alilizoea mpaka akasahau kwamba lina maana nyingine.

Maji ya kuoshea brashi yalipokwisha, Waringa akachukua mtungi mdogo akateremka mtoni. Huko alimkuta mama mmoja, Nzembi, anachuma sukumawiki kwenye kishamba chake. Wakasalimiana vizuri.

"Mmepotea njia?" Nzembi akauliza.

"Hapana, mama. Tunatembea tu."

"Kutembea kwenda kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu, kuangalia."

Nzembi akaliweka jibu hilo mahali fulani kichwani, kama noti anayoishuku. Akaonyesha kilimani kwa kidevu. "Na yule wa nguo nyeusi anayenyoosha mkono?"

"Huyo ni rafiki yangu," Waringa akasema kwa furaha. "Analichukua hili bonde."

"Analichukua?"

"Lote. Kutoka hapa mtoni mpaka kule mlimani. Wateja wake wa Eastleigh wanapenda sana mahali kama hapa."

Mkono wa Nzembi ukasimama juu ya jani. "Na sisi tuliomo?"

"Aa, nyinyi msijali. Yeye huwa haweki watu."

Waringa akacheka, akainama kujaza mtungi. Alipoinua kichwa, Nzembi hakuwepo. Sukumawiki ilikuwa imeachwa chini, kikapu kimelala ubavu. Mara akasikia mtu anagonga bati kwa chuma. Ko, ko, ko. Bati jingine likajibu ng'ambo, na mbwa wakaanza kubweka.

Hapo akageuka, akamwona Sabrin kutoka chini, kwa mara ya kwanza, jinsi watu wa huko walivyomwona. Mwanamke mgeni juu ya kilima. Stendi ya miguu mitatu. Vigingi na kamba. Mkono ulionyooka, jicho limefumbwa, anapima.

"Mungu wangu," akasema. "Sorveya."

Hakuna mtu wa pande hizo asiyelijua neno hilo. Sorveya, mpima ardhi, huja kwanza na stendi yake, akitabasamu. Baada yake huja tingatinga. Waringa alikuwa amepita mahali pengi akaona milango imelala chini na watu wamekaa juu ya magodoro yao. Na alijua pia yanayompata sorveya akishikwa kabla hajafika kwenye gari lake.

Akapanda. Udongo ulimvuta viatu, maji yakamwagika sketini, akautupa mtungi. Alitaka kuita lakini pumzi haikutosha. Kulia kwake, kwenye njia nyingine, aliona vichwa vya watu vikipanda pia, na juu ya vichwa mipini ya majembe. Pikipiki ikawapita wote ikinguruma.

Alipofika, walikuwa wameshamzunguka. Sabrin alikuwa bado ameshika penseli.

"Nyinyi ni wa kampuni gani?" aliuliza mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu. Wengine walimwita Makau, mwenyekiti.

"Kampuni?" Sabrin akasema. "Baba, mimi ni mama wa nyumbani."

"Mama wa nyumbani na vigingi?" Kijana wa pikipiki akaing'oa kamba kwa mguu. "Wewe mathe, usituchezee. Nyinyi wa Eastleigh mnataka kutupandishia maghorofa hapa."

"Griffins, ngoja," mzee akasema, lakini hakusema kwa nguvu.

Waringa akajipenyeza mpaka mbele. "Ni picha jamani! Anachora picha!"

"Hata yule wa juzi alisema ni picha," Griffins akasema. "Akarusha kandege kake ka rimoti, kakapiga picha. Wiki ikaisha tukaletewa notisi ya kuhama."

"Na huyu huyu ndiye aliniambia," sauti ya Nzembi ikatoka nyuma. "Kwa mdomo wake. Wanalichukua bonde lote na watu hawawekwi."

Wakanguruma. Mtu akamshika Sabrin kiwiko. Waringa akaona wokovu mmoja tu, akaurukia. "Angalieni wenyewe!" Akaushika ubao, akaugeuza kwao. "Tazameni. Kuna ramani hapa? Kuna namba?"

Wakasogea. Mto ulikuwepo, ukijikunja vilevile. Migunga ilikuwepo, na Kilimambogo. Moyo wa Waringa ukaanza kutulia. Kisha Nzembi akapita mbele, akaweka kidole karibu na rangi mbichi, mahali palipojaa nyasi laini za kijani.

"Hapa ndipo kwangu," akasema.

Wote wakaanza kutafuta. Macho yalikwenda chini bondeni, yakarudi kwenye ubao, yakaenda tena.

"Na kwangu hakuna."

"Hata kanisa ametoa."

"Ameshabomoa," Griffins akasema polepole. "Ameshatubomoa sisi wote."

Waringa akamkanyaga Sabrin mguu. "Waambie ulikuwa hujamaliza," akanong'ona.

Sabrin akamtazama, akawatazama wao. "Nilizitoa," akasema. "Wateja hawapendi mabati. Huwa natoa."

Waringa akafumba macho. Akangoja. Alichosikia ni brashi ikigonga kopo la rangi.

"Mama," Sabrin alikuwa akimwambia Nzembi, "mlango wako unaangalia wapi?"

"Mtoni," Nzembi akajibu kabla hajakumbuka kukasirika.

Brashi ikagusa nyasi, nyumba ikaota. Ukuta wa kijivu, paa, doa jeusi la mlango.

"Paa lina kutu upande huu," Nzembi akasema. Kutu ikawekwa.

"Weka na choo chake!" mtu akapayuka, na wengine wakacheka, kicheko kifupi chenye jembe mkononi. Kanisa likarudi. Nyumba ya Makau ikarudi. Griffins akataka yake iwe ya ghorofa.

"Ghorofa yako iko wapi, wewe?" mtu akamwuliza. "Ni nguzo tu na ndege juu yake."

"Namaliza Disemba, wekeni tu."

Waringa hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya watu, ipi imelegea na ipi bado.

"Sasa ua wangu," Makau akasema. "Unatoka kwa nyumba unafika kwa ule mgunga."

"Kwa mgunga?" Nzembi akamgeukia. "Tangu lini, mwenyekiti? Ua wako unaishia kwa jiwe."

"Mama Mueni, usianze," Makau akamwambia Nzembi.

"Wewe ndio umeanza! Mwambie achore kwa jiwe."

Watu wakagawanyika papo hapo, wa mgunga huku, wa jiwe kule. Brashi ya Sabrin ilikuwa hewani, imebeba rangi nyeusi, na macho yote yalikuwa kwenye ncha yake. Waringa akaona kwamba hatari waliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ndogo. Popote ambapo ncha ile ingetua, nusu ya watu hawa wangewarukia.

Sabrin akaifuta brashi kwenye buibui lake.

"Ua sichori," akasema. "Nyumba nimeziona. Huo mpaka hamjaukubaliana, nami si wa kuwakubalisha."

Nzembi ndiye aliyeguna kwanza.

"Sorveya gani huyu," akasema, "anayepewa mpaka akaukataa?"

Mpini mmoja ukashuka ardhini, na mwingine. Aliyekuwa ameshika kiwiko cha Sabrin alikuwa ameshakiachia, haikujulikana lini.

"Nendeni," Makau akasema. "Lakini hiyo picha haitoki hapa." Akauchukua ubao na rangi zake mbichi. Wakaambiwa wang'oe vigingi vyote na kuyafukia mashimo, na Nzembi mwenyewe akayakanyaga moja moja kwa kisigino.

Wakaondoka wamebeba stendi tupu. Nyuma yao ubishi wa mgunga na jiwe ukawaka upya.

"Ulimwambia nini yule mama?" Sabrin akauliza, hageuzi shingo.

"Nilimwambia unalichukua bonde."

Sabrin akahamishia stendi bega jingine, akaendelea kutembea. Waringa angependa atukanwe.

Kisha wakasikia pikipiki ya Griffins ikiwashwa. Haikuwapita. Ilikuja polepole nyuma yao, ikikaa pale pale, karibu kiasi cha kusikia mnyororo wake. Miguu ya Waringa ikataka kukimbia. Sabrin akamshika mkono kwa nguvu.

"Tembea," akasema. "Tembea tu."

Wakatembea hivyo, bila kuangalia kitu, mpaka viatu vyao vilipogusa lami na mlio ule nyuma yao ukageuka kurudi.