Uzio wa Kamnuan

Kaa walikuwa ndio kwanza wamewekwa mezani, wanafuka mvuke, Kamnuan alipomkaba Wanlop shingo.

Walikuwa kwenye mgahawa ufukweni Chao Lao, mkoani Chanthaburi, watu watatu: Kamnuan, mkewe Somjit, na Orapin, mdogo wake Kamnuan, aliyekuja kutoka Nakhon Sawan kama alivyokuja kila mwaka duriani zikikomaa. Orapin alikuwa mshonaji, mjane wa miaka hamsini na miwili, na safari hii ya Chanthaburi ndiyo likizo yake pekee. Siku mbili hula matunda shambani kwa kaka yake mpaka midomo imuwashe, siku moja hula kaa baharini, kisha hupanda basi la kurudi kwenye cherehani.

Wanlop alikuwa jirani wa Kamnuan, mmoja wa wanakijiji wanaojitolea kufuatilia tembo na kuwafukuza mashambani kwa fataki. Alipowaona alisogea, akamwamkia Orapin kwa kukutanisha viganja, kisha akainama sikioni mwa Kamnuan. Hata hivyo wote walimsikia.

"Kaka, ule waya wa uzio utoe. Umeufunga kwenye umeme wa nyumbani, nimeuona. Atakufa mtu pale."

"Wewe kula kwako umemaliza?"

"Nakwambia kwa wema."

"Huo wema ulikuwa wapi tembo walipoangusha miti kumi na mmoja ya marehemu baba? Ulikuwa unawapiga picha."

"Nilikuwa nawafukuza, kaka. Tulikuwa watatu, wao ishirini."

Hapo ndipo Kamnuan alipoinuka. Mkono wa kushoto ulimshika Wanlop koo ukambana na meza, wa kulia ukaokota kinyundo cha mbao cha kuvunjia kaa. Alikishusha juu ya vidole vya Wanlop, vilivyokuwa vimeshikilia ukingo wa meza. Akakishusha tena. Orapin alisikia mlio uleule wa magamba yanayopasuka, na kwa kitambo kifupi hakuelewa kilichovunjika ni nini. Wahudumu wawili walimvuta Kamnuan, naye akaketi, akajipangusa mikono, akaanza kula. Hakuna mwingine aliyekula.

Njiani kurudi, nyuma ya gari, Somjit alimsogelea Orapin. "Wifi, usipite ile mishokishoki ya mwisho. Mbwa wetu mmoja ameshakufa pale."

"Na wewe umemwachia afanye hivyo?"

"Umemwona leo. Ungemwambia nini?"

Jioni Kamnuan alimtembeza Orapin shambani, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya kaka aliyemjua. Alimwonyesha visiki, kimoja kimoja. Mbele ya kimoja aliweka kiganja chake juu ya mti uliochanika. "Huu baba aliupanda mwaka uliozaliwa wewe. Nilikuwa naumwagilia kwa ndoo, nikitoka kumwagilia nakuja kukubeba wewe. Wameuvunja kwa muda wa kuvuta sigara moja."

Orapin alimshika bega. Alimwonea huruma sana, na hakusema lolote kuhusu waya. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

Kulipopambazuka waliamshwa na sauti ambayo Orapin hakuwahi kuisikia, kama chuma kinachokwaruzwa juu ya chuma. Alitoka na nguo za kulalia. Kule mwisho wa shamba, mtoto wa tembo alikuwa amelala ubavu juu ya uzio, waya umembana kifuani, miguu inarusha mateke yasiyokoma. Harufu ya nywele zilizoungua ilifika mpaka barazani. Mama yake alikuwa akipitisha mkonga chini ya tumbo lake kumwinua, anapigwa na umeme, anarudi nyuma akilia, halafu anakuja tena.

Kamnuan alikuwa amesimama mbele ya swichi, kwenye nguzo ya ghala, amekunja mikono.

"Zima, kaka."

"Waache wajifunze."

"Zima. Mtoto yule."

"Na miti yangu haikuwa watoto?"

Orapin alinyoosha mkono, akasukumwa. Alirudi, akapigwa kwa nyuma ya kiganja, mdomo ukapasuka na damu ikamjaa kinywani. Ukutani palikuwa na upondo wa mwanzi wa kuchumia mangostini. Aliuchukua kwa mikono miwili, akampiga nao kaka yake kwenye goti kwa nguvu zake zote. Kamnuan alianguka chini akilishika goti. Orapin akaishusha swichi.

Kukawa kimya. Alidhani mama yule atamchukua mwanawe waende zao. Lakini mtoto hakuinuka. Mama alimpapasa kwa mkonga kuanzia mdomoni mpaka nyayoni, polepole, akarudia, kisha akasimama tu.

Kamnuan aliingia ghalani akichechemea, akatoka na bunduki.

"Umewafungulia," alimwambia Orapin. "Sasa tazama."

Somjit alimwita kwa jina mara moja, akiwa mlangoni. Hakugeuka. Alitembea katikati ya miduriani mpaka akabakiza hatua kama thelathini, akafyatua. Risasi ilimpata mama tembo begani, naye akageuka. Uzio ulikatika kama uzi. Kamnuan alikuwa anahangaika kuingiza risasi ya pili. Alipoona hawahi, akaitupa bunduki akakimbia. Hatua ya tatu lile goti likamwangusha.

Tembo alimkamata kiunoni kwa mkonga, akamgonga kwenye shina la mduriani, akamgonga tena, akamlaza chini, kisha akapiga magoti juu ya kifua chake. Orapin aliona yote. Upondo bado ulikuwa mkononi mwake, na ndani ya kichwa chake alikuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, bila kujua anahesabu nini.

Tembo yule alirudi kwa mwanawe akasimama naye mpaka saa sita mchana. Maofisa wa hifadhi walifika, wakapiga risasi hewani, ndipo akaondoka. Aliyetangulia kuufuata mwili wa Kamnuan ni Wanlop, vidole vimefungwa bandeji, akauburuta juu ya turubai kwa mkono wake mmoja mzima mpaka wenzake walipomfikia.

Polisi aliuliza nani alizima umeme.

"Mimi," alisema Orapin.

"Na huo mdomo?"

"Kaka yangu alinipiga. Nami nilimpiga goti. Ndilo lililomwangusha."

Polisi aliandika yote. Akasema kisheria kosa lilikuwa la aliyeufunga waya, na huyo hashtakiki tena. Mtoto wa tembo alizikwa palepale kwa trekta la kuchimbia. Kamnuan alichomwa hekaluni siku ya tano, na watawa waliomwombea walikuwa wanafahamu miti yake kwa idadi, kwa jinsi alivyoililia kwao.

Usiku wa kuamkia safari, Orapin alimkuta Somjit jikoni, akaketi naye chini.

"Wifi, nisingempiga lile goti..."

"Nyamaza. Unalijua wewe, nalijua mimi. Yatosha."

Somjit alikuwa anamenya vitunguu saumu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Mimi nilipaswa kuizima ile swichi siku ya kwanza alipoufunga waya," alisema hatimaye. "Nilishindwa. Wewe umefika siku mbili tu, ukaweza. Sijui nikuchukie au nikushukuru, na sitaki kujua sasa hivi. Mwakani usije. Nikiweza kukuangalia, nitakupigia simu."

"Na shamba?"

"Juzi tembo wamerudi. Niliwasikia wanavunja matawi. Nikajifunika blanketi."

Asubuhi Wanlop alimpeleka Orapin kituo cha basi. Simu ya Somjit ilikuja baada ya miaka mitatu, mwezi wa tano, duriani zikikomaa. Orapin aliizima cherehani, akaipokea.